Jinsi ya kutoka kwenye kifungo cha hofu kwa kushika ufufuo wa Yesu (kwa sisi wa nyanda za juu kusini)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Hii naandika kwa mtu ambaye hofu imeshaanza kumpangia ratiba. Kuna mtu hapandi basi tena tangu ajali fulani itokee kule mteremko wa Iwambi, kuna dada ana mashaka na afya yake muda mrefu tu na kituo cha afya anapita mbele yake kila siku akienda Mwanjelwa ila haingii, kuna kijana wa Rungwe ana hela ya kujenga kwao lakini hajengi kwa sababu ameambiwa akipiga bati tu wachawi watamuwahi, na kuna mama simu ikiita saa tisa usiku ameshajua ni msiba hata kabla hajaangalia nani anapiga. Hawa wote unaweza ukawakuta Jumapili moja kanisa moja, tena wengine ndio wanaimba kwaya. Wameokoka, wamebatizwa, wanatoa sadaka, na bado wanaogopa, kwa hiyo usije ukadhani uko peke yako au kwamba wewe imani yako ndio mbovu kuliko ya wenzako.

Mi ninachokiona ni kwamba wengi wetu tunapigana na hofu mahali ambapo haipo. Tunakemea ile hali ya kuogopa, tunajiambia usiogope usiogope, tunaweka status za "mimi ni mshindi", halafu usiku inarudi vile vile. Anza na kaburi. Kama lile kaburi la Yerusalemu lilikuwa tupu kweli basi kuna kitu kimebadilika hata kwenye basi linaloshuka mlima Kitonga na kwenye majibu ya maabara, na kama halikuwa tupu basi hata tukeshe tukikemea tunajichosha. Paulo mwenyewe aliandika hivyo bila kuzunguka, kama Kristo hakufufuka imani yenu ni bure, 1 Wakorintho 15:17.

Kwanza, ifuate hofu yako mpaka mwisho wake

Chukua daftari, kaa mahali umetulia, andika unaogopa nini. Andika kitu chenyewe, usiandike "naogopa maisha". Alafu chini yake jiulize, na hicho kikitokea, itakuwaje? Andika jibu. Uliza tena. Mfano huyu dada wa kituo cha afya angeandika hivi: naogopa kupima. Nikipima? Nitakutwa na virusi vya UKIMWI. Nikikutwa? Watu watajua, mume ataondoka. Akiondoka? Nitaugua peke yangu. Halafu? Nitakufa, wanangu watalelewa na nani. Hapo ndio mwisho wa daftari, hakuna swali lingine baada ya hapo. Wa basi naye atafika hapo hapo kwa njia fupi zaidi, wa kujenga atafika hapo hapo, hata mwenye deni la VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, ukimfuata taratibu utakuta anaogopa aibu na upweke, yaani kufa kabla ya kufa.

Waebrania 2:14 na 15 inasema Yesu alichukua mwili kama wetu ili kwa kufa kwake awaweke huru wale ambao kwa hofu ya mauti walikuwa watumwa maisha yao yote. Soma pole pole hiyo "maisha yao yote". Ina maana hofu ya kifo haingoji mtu awe mgonjwa kitandani, inamtumikisha mtu mzima na afya yake, inaamua apande nini, ajenge wapi, amwambie nani ukweli. Ukishaona kwenye daftari lako kwamba barabara zote zinaishia kaburini ndio utaelewa kwa nini wahubiri wa mwanzo hawakuhangaika kufundisha mbinu za kutulia, walisimama wakasema jambo moja, amefufuka.

Pili, hakikisha unaamini kitu kilichotokea

Hapa naomba tukae kidogo maana ndipo watu wengi wamepitishwa haraka. Tumeimba Pasaka tangu Sunday school ila hatujawahi kukaa kuuliza ni nani aliona. Na imani ambayo haijawahi kuuliza ikipigwa na msiba mmoja mzito inayumba, nimeona.

Fungua 1 Wakorintho 15 usome kwa sauti sura nzima, sio mistari miwili. Ile barua Paulo aliandika kama mwaka 55 hivi, yaani ni miaka ishirini na kitu tu tangu msalaba. Ni kama leo mtu aandike habari za jambo lililotokea Mbeya mwanzoni mwa miaka ya 2000, wazee waliokuwepo si wapo? Na yeye anasema hivyo hivyo, Yesu aliwatokea ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja na wengi wao wanaishi hata sasa, kama kumwambia msomaji nenda kawaulize. Anamtaja Kefa ambaye ndio Petro, anamtaja Yakobo. Huyu Yakobo ndugu yake Bwana ukisoma Yohana 7:5 utaona ndugu zake Yesu walikuwa hawamwamini kabisa, baadaye tunamkuta Yakobo anaongoza kanisa Yerusalemu. Mtu uliyekua naye nyumba moja, umekula naye sahani moja, unamjua ndani nje, mpaka uje kukiri kwamba ni Bwana lazima kuna kitu umekiona.

Halafu angalia injili zenyewe, hazijaficha aibu ya mtu. Wa kwanza kuleta habari ni wanawake, na enzi zile neno la mwanamke halikupewa uzito, hata mitume wenyewe Luka anasema waliona ni upuzi. Mtu anayetunga uongo ili aaminike asingeanza na shahidi ambaye anajua hatasikilizwa. Na Marko 16:8 anasema wale wanawake walikimbia wanatetemeka, hawakumwambia mtu neno, maana waliogopa. Mathayo yeye anasema waliondoka kwa hofu na furaha nyingi. Hicho kitu kinanitia moyo sana mimi, hofu na furaha kwenye miguu ile ile inayokimbia. Kwa hiyo ukiamini ufufuo leo na kesho asubuhi bado mikono inatetemeka usiseme imeshindikana, Mariamu Magdalene na mwenzake walibeba habari kubwa kuliko zote duniani huku wanatetemeka.

Na wale wanaume? Yohana 20:19, jioni ya siku ile ile wamejifungia milango kwa hofu. Habari ya ufufuo wameshaipata na bado komeo liko mlangoni. Yesu hakusimama nje akangoja wafungue kwanza ndio awaamini, alisimama katikati yao akasema Amani iwe kwenu, akawaonyesha mikono na ubavu. Siku nane baadaye milango imefungwa tena, akaja tena kwa ajili ya Tomaso. Wiki chache mbele Petro yule aliyemkana Bwana kwa kuulizwa na kijakazi anasimama Yerusalemu mchana kweupe, mji ule ule waliomsulubisha Yesu, anawaambia mlimuua na Mungu amemfufua. Jiulize nini kilimtoa pale.

Paulo anamuita Kristo limbuko la waliolala, na sisi wakulima hatuhitaji kueleweshwa, ukivunja hindi la kwanza shambani ukamenya ukakuta limejaa unajua shamba zima linakuja hivyo. Yeye katoka kwanza, wa kwetu wanafuata, na sisi tunafuata.

Tatu, nenda makaburini

Najua hapa wengine watashtuka. Lakini hofu ya kifo inakaa vizuri kwa mtu anayekwepa makaburi, na nyanda hizi tuna bahati ya kuwa na mila ya Kikristo inayokupeleka pale pale.

Wamoravian wana ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini. Ilianza 1732 kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, vijana wakaamka usiku wakapanda kilima cha Hutberg ambako ndio walikozika watu wao, wakaimba ufufuo mpaka jua likatoka. Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891 wakaja na imani hiyo, na mpaka leo Mbeya, Rungwe na kwingine utawakuta wako makaburini kabla hakujapambazuka.

Kama hujawahi kwenda nakuelezea. Pasaka inaangukia mwishoni mwa mwezi wa tatu au mwezi wa nne, mvua za Tukuyu bado zinanyesha, kwa hiyo ni giza, ukungu, tope limeshika gamubuti, watu wamevaa sweta na kujifunika vitenge, kila mtu na tochi ya simu. Siku za kabla watu wameshaenda kufyeka. Mnafika mnasimama katikati ya makaburi yenyewe, huyu kasimama kwa baba yake, yule kwa mtoto aliyemzika juzi juzi na udongo bado uko juu haujashuka. Tarumbeta zinaanza. Mchungaji anatangaza Bwana amefufuka na watu wanajibu amefufuka kweli kweli, na hilo neno linapita juu ya majina yaliyoandikwa kwenye misalaba ile. Nilimuona mama mmoja mtu mzima, baada ya kuitikia akainama akang'oa majani mawili matatu yaliyobaki kwenye kaburi la mume wake, akajifuta tope kwenye kanga, akaendelea kuimba. Hakukuwa na mtu wa kumwambia usiogope kifo.

Sasa wewe fanya hivi. Kama jirani yako ni Mmoravian muombe uende naye Pasaka ijayo, hawafukuzi mtu. Kama ni mbali au huwezi kusubiri, chukua Jumamosi yoyote na ndugu zako, panga na jembe, mkasafishe makaburi ya kwenu, mkimaliza someni Yohana 20 kwa sauti, imbeni, ombeni, rudini. Wabebeni na watoto, tena watoto wakiuliza maswali mjibuni kawaida, bibi yuko wapi, atatoka lini, mjibuni kile mnachoamini. Hatuendi kuongea na marehemu wala kumwaga kitu wala kuomba ruhusa, tunaenda kumuomba Mungu aliye hai mahali ambapo hofu inatuambia hayupo.

Na kulia ruhusa. Yesu alijua anaenda kumfufua Lazaro na bado alilia machozi, kwa hiyo tuache ile tabia ya kumwambia mfiwa "usilie wewe si umeokoka". Paulo kwa Wathesalonike alisema tusihuzunike kama wasio na matumaini, hakusema tusihuzunike.

Nne, kuhusu kurogwa

Hili siwezi kulipita maana huku kwetu ndio hofu namba moja ingawa kanisani hatulitaji. Mtu ana digrii, ana gari, na kijijini anafika saa mbili usiku anaondoka alfajiri asionekane.

Wakolosai 2:15 inasema Kristo alizivua enzi na mamlaka akazianika hadharani msalabani. Waebrania tumeshasoma, aliyekuwa na nguvu za mauti ni Ibilisi na ameharibiwa kwa njia ya mauti. Sasa kama silaha kubwa ya mchawi ni kukutishia kifo, na kifo chenyewe funguo zake ziko kwa Yesu (Ufunuo 1:18, nalikuwa nimekufa na tazama ni hai hata milele na milele, nami ninazo funguo za mauti na za kuzimu), huyo mtu anakutishia na nini? Usibishane kama uchawi upo au haupo, hiyo mada haiishi. Shika kwamba mwenye funguo ni mmoja na anakupenda.

Kwa vitendo: nenda kijijini mchana. Salimia watu wote, na yule bibi ambaye wote wanamkwepa mpe shikamoo umpelekee sukari na sabuni. Kula unachopewa ukishaomba. Kama una hela ya kujenga jenga. Mwite mchungaji na majirani mweke msingi pamoja kwa maombi, iwe jambo la wazi.

Na kitu kimoja nasema kwa uchungu. Wachawi tunaowaogopa mara nyingi tunawachagua sisi, bibi mzee mjane macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote, na wazee wa namna hiyo wameuawa nchini kwetu kwa tuhuma hizo hizo. Hofu ikiachwa inaua jirani. Mtu anayesema Yesu amefufuka halafu anakaa kwenye kikao cha kumtaja mchawi ni nani, bado hajaachiwa huru, arudi kwenye hatua ya kwanza na daftari lake.

Pia jihadhari na wanaouza ulinzi. Chumvi, maji, mafuta, stika za mlangoni, kwa bei. Ukiona huduma inakufanya uogope zaidi ukitoka kuliko ulivyoingia, na dawa ya hofu hiyo inapatikana kwao tu kwa malipo, toka. Kaburi lilifunguliwa bure.

Tano, fanya kile kitu

Uhuru hauji wote ukiwa umekaa kwenye kochi unasoma, sehemu kubwa unakukuta njiani. Petro alipona kwa kusimama na kusema. Kwa hiyo chagua hofu moja kwenye daftari, omba, tafuta mtu mmoja wa kwenda naye, nenda.

Wa kupima: utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha Njombe maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, ndio mikoa inayoongoza nchini. Kwa hiyo hofu yako ina msingi na wala sikudanganyi. Lakini dawa za ARV zipo, zinatolewa bure, na mtu anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo anaishi miaka yake na hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa. Ufufuo haukuambii utakutwa huna. Unakuambia hata ukikutwa nao jina lako halijafutwa na mwisho wako hauko pale maabara. Nenda na dada yako au rafiki wa kanisani anayejua kufunga mdomo. Na ukianza dawa usiziache kwa sababu ya mtu aliyekuambia umepona kwa maombi, hata kama anaongea kwa mamlaka vipi.

Wa basi: panda la mchana, kaa na mtu, funga mkanda, na suka akikimbiza mwambie apunguze, waombe na abiria wenzako mseme kwa pamoja. Kumtegemea Mungu aliyefufua wafu hakukatazi kumwambia dereva ukweli, tena aliyeshindwa na hofu ya kifo ndio ananyamaza kwa kuona aibu. Wewe sema.

Na kama mwili wenyewe umeshachoka, hulali wiki nzima, moyo unakwenda mbio bila sababu, pumzi inakata, unaona kama unakufa pale pale, nenda hospitali kubwa ya karibu uulizie kitengo cha afya ya akili. Hiyo ni ugonjwa kama malaria na ina matibabu, haipunguzi wokovu wako hata kidogo. Yesu mwenyewe Getsemane aliwaambia wenzake roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, na akawaomba wakae naye.

Saa za usiku

Hofu ikikuamsha usibaki kitandani unabishana nayo. Kaa, washa taa au simu (ila usifungue WhatsApp utakuta misiba), kunywa maji. Kariri mstari mmoja mfupi uwe nao mdomoni, mi nashauri Zaburi 56:3, siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe, maana Daudi hapo hasemi haogopi. Useme kwa sauti. Halafu sema kwa maneno yako kwamba Yesu alikufa, akazikwa, siku ya tatu akafufuka, na mimi ni wake. Rudia taratibu mpaka pumzi ishuke. Uwe umeshakubaliana na mtu mmoja kwamba unaweza kumpigia usiku, na yeye akupigie, mkubaliane mchana kabla hofu haijaja.

Mwisho, andika wosia

Huku kwetu ukisema wosia unaambiwa unajitabiria kifo, matokeo yake baba akifa mama na watoto wanatolewa kwenye shamba na ndugu hata matanga hayajaisha. Mtu aliyewekwa huru anaweza kukaa mezani mchana akaandika: shamba la chai ni la nani, kiwanja cha Uyole ni cha nani, nadaiwa wapi, namdai nani, nizikwe wapi, wimbo gani uimbwe. Omba kwanza, soma 1 Wakorintho 15 kuanzia mstari wa 51, halafu andika na mwenza wako akiwepo. Saini mbele ya mashahidi ambao sio warithi. RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) wanasaidia kuandika na kutunza wosia, au tumia mwanasheria, na hakikisha mkeo au mumeo na mtu mmoja zaidi unayemuamini wanajua umetunzwa wapi.